Tupande Mti wa Mchongaji



Uchongaji wa Wamunyu ulianzishwa na Mutisya Munge, aliyejifunza kazi hiyo Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1963 wachongaji Wakamba waliunda chama cha ushirika Changamwe, Mombasa. Wanachama huchonga bega kwa bega, na chama huwauzia vinyago.

Lakini mpingo na muhugu hukua polepole mno, na shoka halingoji. Mwarobaini hukomaa upesi, na wachongaji wengi wameukubali.

Nimeandika nyaraka nyingi ofisini, wala sijaona waraka uliootesha mti. Basi naomba kila mmoja wetu apande miche kumi ya mwarobaini kwao, mvua zinaponyesha.