Makaburi ya Wafalme wa Misri na Maziko ya Wazee wa Mahuta

Wazee wangu na waalimu, watu wa Newala na Masasi,

Nimeombwa niseme habari za wafalme wa Misri ya kale, nami nitasema. Walakini nitaanza Mahuta.

Mwaka 1906 Mdachi mmoja mwenye elimu, Karl Weule, alipita Masasi na Newala akiuliza mila. Katika kitabu chake imo habari hii: mtu mmoja alitoka katika kichaka cha Mahuta, hajaoga wala kunyoa, akachonga sanamu ya mti, akaisimamisha nyumbani, usiku ikawa mwanamke hai. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa penye Ruvuma, naye maiti. Wa pili katika bonde la Mbwemkuru, kadhalika. Wa tatu alizaliwa huku juu, akaishi. Basi baba akaamuru wanawe wasikae mabondeni wala karibu na mito, na wafu wao wawazike wima, kwa kuwa mama yao alipata uhai akiwa amesimama. (Amri ile ya mito akina mama waliilipa kwa vichwa vyao, kwa mitungi iliyotoka mbali!)

Sasa twende Misri. Farao alipokufa walimtoa matumbo, wakamkausha kwa magadi, wakamzonga kwa kitani. Moyo walimwachia, maana waliamini ya kuwa utapimwa katika mizani mbele ya Osiris, na upande wa pili unyoya wa haki. Penye mlango wa kaburi maiti alisimamishwa wima, kuhani akamgusa kinywa kwa chombo, apate kula na kusema tena. Mzee wa Mahuta asingestaajabu. Tena waliwapelekea wafu mkate na pombe, kama Wayao walivyomwaga unga chini ya msolo.

Tofauti ni mali. Khufu alijengewa piramidi yenye kimo cha mita 146 hivi, na kaburi lake limekutwa tupu. Tutankhamun, kijana wa miaka yapata 19, alikaa gizani zaidi ya miaka 3,200, hata mwaka 1922 Howard Carter akamfikia: vitu zaidi ya 5,000, jeneza la ndani la dhahabu lenye uzito wa kilo 110 hivi, na sanamu ndogo 413 za watumishi wa kumfanyia kazi huko aendako.

Wazee wetu hawakuzikwa na dhahabu, wala makaburi yao hayana maandishi ukutani. Habari zao zimo vinywani, na ile ya Mahuta mimi nimeisoma katika kitabu cha mgeni. Kwa hiyo nawaomba ninyi waalimu, likizo ijayo kila mwanafunzi apewe daftari, amwulize babu yake au bibi yake: wafu walizikwaje, unga ulimwagwa wapi, na kwa maneno gani. Nanyi wazee, wakija watoto hao, msiwafukuze.