Nguo za Kwenda Nchi ya Baridi
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Nairobi)



Kamati imetuomba tuseme machache juu ya nguo za safari. Labda mwingine atauliza: chama cha wafanya kazi na sanduku la nguo, vyahusiana nini? Vyahusiana sana, kwa kuwa fedha zinazonunua nguo hizo hutoka mifukoni mwetu. Tarehe 13 Septemba 2024 serikali ya Kenya na ile ya Ujerumani zilitia sahihi mjini Berlin mapatano juu ya wafanya kazi wa kwenda huko. Wengine wanakwenda Uingereza na Kanada. Kijana wa Kawangware au Kangemi akipata barua ya kazi, jamaa hufanya mchango, na wengine hukopa katika ushirika. Basi si haki fedha ya jasho iishie kwenye madirisha ya maduka ya mjini kwa kununua kisichofaa.

Baridi si jambo geni kwetu watu wa reli. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, mahali palipo juu ya bahari kwa zaidi ya futi 5,000. Kutoka hapa gari hupanda kwa njia ya Kibera, Dagoretti na Kikuyu mpaka Limuru, zaidi ya futi 7,000. Na njia ya kwenda Eldoret hupita Timboroa, zaidi ya futi 9,000. Mtu wa Mombasa akishuka Limuru mwezi wa Julai na shati moja, meno yatagongana. Lakini watu wa genge la njia wajua dawa yake. Hawategemei kabuti moja zito. Huvaa fulana, kisha shati, kisha sweta, halafu kabuti juu. Kazi ikiwapasha moto, huvua moja moja. Wakipumzika, huvaa tena.

Dawa hiyo hiyo ndiyo itumikayo Ulaya. Nguo haina moto wake yenyewe. Kazi yake ni kuuzuia moto wa mwili usikimbie, na kinachouzuia hasa ni hewa iliyotulia kati ya nguo na nguo. Ndiyo sababu mablanketi mawili mepesi yaweza kushinda moja zito. Tena huko nyumba, magari na viwanda hupashwa moto. Mwenye kabuti moja nene juu ya shati atatoka jasho ndani, kisha atatoka nje na jasho lake, na hapo ndipo baridi humkamata.

Sasa tuseme juu ya sanduku. Mashirika mengi ya ndege hupima sanduku moja kwa kilo 23, kwa hiyo kila kitu kionyeshe faida yake.

Nguo ya kugusa ngozi isiwe ya pamba. Pamba ikilowa jasho hukaa na maji na kuupoza mwili. Sufu hupasha hata ikiwa na unyevu. Chukueni fulana mbili za mikono mirefu na suruali mbili ndefu za ndani. Juu yake sweta mbili. Kabuti liwe moja tu, lisilopitisha upepo wala maji, na liwe pana kiasi cha kuingia sweta chini yake. Mlijaribu dukani juu ya shati tu, mtajuta.

Viatu navyo vivaliwe pamoja na soksi nene wakati wa kununua. Kiatu kinachobana huzuia damu, na mguu usiopata damu hupoa hata ukivishwa soksi tatu. Msisahau kofia ya kufunika masikio, glavu na skafu. Na jambo moja ambalo sisi wa reli twalijua kuliko wengine: nguo ing'aayo kwa taa. Huko Berlin katikati ya mwezi wa Desemba jua huchomoza baada ya saa mbili asubuhi na kutua kabla ya saa kumi jioni. Mtu hwenda kazini gizani na kurudi gizani.

Je, tununue wapi? Makabuti mengi ya Gikomba na Toi yalitoka nchi hizo hizo za baridi. Hakuna aibu kuyavaa tena kwao. Someni lebo, mjaribu zipu, mkague bitana na kushika makwapa. Lakini viatu, ikiwezekana, vinunuliwe vipya.

Kabla ya kununua, mwulize mwenye barua: anakwenda mji gani, mwezi gani, kufanya kazi gani? Julai tunapotetemeka sisi, Ulaya ni wakati wa joto. Mpishi wa hoteli hahitaji nguo za mjenzi. Wazee walisema, usisafirie nyota ya mwenzio.

Hapa ndipo neno kubwa la chama. Nguo za kutembea ni zako, lakini nguo za kukinga hatari ya kazi ni juu ya mwajiri. Sheria yetu ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yamtaka mwajiri atoe mavazi ya kinga pale kazi inapomweka mtu katika maji au vitu vya kudhuru. Agizo la Umoja wa Ulaya la 1989 lataka vifaa vya kinga vitolewe bure. Sheria ya Uingereza ya 1974 yamkataza mwajiri kumtoza mfanya kazi kwa vifaa ambavyo sheria imeviamuru. Basi mkataba ukisema utakatwa mshahara kwa ajili ya buti na koti la kazi, usitie sahihi kwanza. Ulete tuusome pamoja.

Ndugu Tom Mboya, kiongozi wa vyama vya wafanya kazi, alikwenda kusoma Oxford mwaka 1955, na mwaka 1959 alisaidia kuwapeleka Marekani wanafunzi 81 kwa ndege moja. Kwenda ugenini si jambo jipya kwetu, na hakuna aliyekwenda kwa nguvu zake peke yake.

Kwa hiyo twapendekeza hivi. Tawi liweke daftari la makabuti. Mwenye kurudi alete kabuti lake, mwenye kwenda aliazime, na jina liandikwe. Kabuti moja laweza kuvusha watu watatu, na mchango uliobaki ulipe karo ya watoto waliobaki nyumbani. Mwenye neno na aseme sasa, ili Katibu aandike.

Umoja ni nguvu.