Linda Veranda ya Mbao Dhidi ya Mchwa



Mchwa hula mbao kutoka ndani. Veranda huonekana nzima hadi siku mguu wa mzee au mtoto unapotumbukia. Kwa hivyo kagueni nguzo mara kwa mara, hasa mvua inapoanza. Mkiona vijia vya udongo vikipanda kutoka chini, au mbao ikigongwa inalia kama debe tupu, huenda mchwa wameshaingia. Kupangusa vijia pekee hakutoshi, kwani kundi hubaki ardhini na kujenga upya.

Kinga huanza wakati wa ujenzi. Nguzo isichimbiwe ardhini; isimamishwe juu ya msingi wa saruji. Nunueni mbao zilizotiwa dawa, na fundi akizikata, apake dawa tena pale alipokata. Msirundike kuni chini ya veranda, na maji ya paa yaelekezwe mbali.

Msimwage oili chafu ya gari, kwani huchafua udongo na visima. Tumieni dawa iliyosajiliwa na bodi ya PCPB, mkifuata maagizo ya kwenye mkebe. Ubao uliokwisha kuliwa ubadilishwe kabla haujamvunja mtu mguu.