Mwalimu wa Kilimo Ajaye Yuko Kidato cha Kwanza: Kuwapata na Kuwalea Walimu wa Kilimo Mkoani Songwe



Mada ya upungufu wa walimu mara nyingi huishia kwenye ikama: shule inahitaji walimu wangapi, waliopo ni wangapi, pengo ni kiasi gani. Hesabu hiyo ni ya lazima na maafisa elimu wanayo. Mimi naomba tuanzie nyuma zaidi, kwa mtoto aliyeingia kidato cha kwanza Januari mwaka huu hapa Tunduma, au Vwawa, Itumba, Kamsamba, Mkwajuni. Huyo akipita kidato cha sita na chuo kikuu, baada ya miaka tisa au kumi ndiye atakayeripoti shuleni kwenu na barua ya kupangiwa kituo. Lakini akifika kidato cha nne amekwisha kulichukia shamba, hakuna tangazo la ajira litakalomrudisha.

Na analichukia kwa sababu tunazozijua. Mchelewaji wa namba tunampeleka shambani. Mpiga kelele naye tunampimia eneo alime. Asiyechomekea, aliyetoroka maandalio ya jioni, wote wanakutana kule kule, mwalimu wa zamu amesimama kando. Siku ya pili mwalimu wa kilimo anaingia darasani na kuwaambia watoto hao hao kwamba kilimo ni sayansi na ni ajira. Watamwamini vipi? Jembe wamelijua kama adhabu kabla ya kulijua kama somo. Mkuu wa shule anaweza kulikomesha jambo hili kwa kikao kimoja cha walimu, bila kusubiri fedha wala waraka, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo hatua ya kwanza ya kupata walimu wa kilimo katika mkoa huu.

Mwalimu Nyerere alipotoa andiko la Elimu ya Kujitegemea (EK), Machi 1967, shamba la shule halikukusudiwa kuwa hivi. Alitaka wanafunzi washiriki kupanga, waamue, na waone matunda ya jasho lao. Miaka ya 1970 shule za sekondari zikapewa michepuo ya kilimo, ufundi, biashara na sayansikimu. Wazee waliosoma wakati ule wanaweza kutueleza mengi. Leo kilichobaki mahali pengi ni jasho peke yake. Kupanga na kuamua kumekuwa kwa watu wazima, na cheo cha mwalimu wa EK kimekuwa cha msimamizi wa mavuno. Sasa mlango umefunguliwa tena: Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, na mitaala iliyoanza kutumika Januari 2024, zimeleta mkondo wa amali, na kilimo kimo. Muhtasari wa somo unaweza kuandikwa na kuchapwa haraka. Mwalimu wa kuufundisha anachukua miaka.

Nije kwenye kalenda, kwa sababu hapo ndipo naona tatizo letu la Songwe lilipo, na sijasikia likizungumzwa vya kutosha.

Mkoa wetu una msimu mmoja wa mvua. Zinaanza Novemba au Desemba, zinaisha Aprili au Mei. Novemba ni mwezi wa mitihani ya taifa. Mwanzoni mwa Desemba shule zinafungwa, na wakati huo huo Mbozi nzima iko shambani inapanda mahindi. Watoto wanarudi Januari, mahindi ya shule yamekwisha kuota, yalipandwa na vibarua kwa maelekezo ya bodi ili chakula cha wanafunzi kisikosekane. Wanafunzi wanakuta kazi gani? Palizi. Wanapalilia hadi mahindi yafunge shamba. Mwezi Juni yanapokauka, shule zinafungwa tena, na sehemu kubwa ya kuvuna na kupukuchua inapita wakiwa likizo. Mwanafunzi anaweza kusoma kilimo miaka minne asipande punje moja mbele ya mwalimu wake wala asipime mavuno ya mstari mmoja. Kilimo chote anachokijua ni kupalilia, yaani ile sehemu inayochosha kuliko zote na inayofundisha kidogo kuliko zote.

Mwalimu kijana aliyetoka chuoni na hamu ya kufundisha kwa vitendo anaikuta kalenda hii na haelewi afanye nini. Mwaka wa kwanza anajaribu. Mwaka wa pili anafundishia ubaoni. Mwaka wa tatu anaomba uhamisho, au anaomba apewe vipindi vya biolojia, na tunamlaumu kwamba vijana wa siku hizi hawapendi kazi.

Kalenda ya mvua hatuwezi kuihamisha, ila mazao si mahindi tu. Kahawa inakubaliana na mihula yetu vizuri sana. Wanafunzi wanaporudi Julai, kahawa ya Mbozi bado inavunwa. Wanaweza kuchuma matunda yaliyoiva na kuacha mabichi, kumenya, kuchachusha, kuosha, kuanika kwenye vichanja, kisha baada ya mavuno wakajifunza kupogoa. Kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kahawa, TaCRI, kiko Mbimba, ndani ya Mbozi yenyewe. Pale mtoto anaweza kuuona mche wa chotara unaostahimili chulebuni na kutu ya majani umesimama kando ya mche wa zamani, na akaelewa siku hiyo hiyo kwa nini kuna watu wanasomea mimea hadi uzeeni. Kwa shule zenye chanzo cha maji, robo ekari ya kabichi inayoanza kitaluni Julai itakuwa imeuzwa kabla ya mitihani, na mwanafunzi atakuwa ameuona mzunguko mzima kwa macho yake.

Tunduma ina la kwake. Mji huu uko mpakani na Nakonde ya Zambia, na tangu Oktoba 2019 tuna kituo cha pamoja cha mpakani. Watoto wetu wanakua wakiona malori, mawakala wa forodha, wabadilisha fedha na kwacha zao mkononi. Wanaona kijana wa miaka ishirini akipata kwa siku pesa ambayo mwalimu anaihesabu kwa wiki. Kuwaambia watoto hawa kwamba kilimo ni uti wa mgongo wa taifa hakutoshi. Waonyeshwe kwamba hata mfanyabiashara wanayemtamani anakwama bila mtu anayeyajua mazao.

Nieleze kipindi kimoja ninachokipenda. Chukua chupa kavu ya kioo yenye kifuniko. Tia punje za mahindi hadi theluthi moja, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi iliyokauka vizuri, funga, tikisa, acha robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi hayo yana unyevu unaozidi asilimia 15 na hayafai kuwekwa ghalani. Isipoganda, yako chini ya hapo. Wanafunzi walete mahindi ya nyumbani kwao, kila mmoja na yake, na nakuhakikishieni darasa halitalala. Kisha mwalimu awaambie kwamba kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi ya sokoni ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Mtoto mmoja atanyoosha mkono: na yaliyo kati ya 13.5 na 15, chumvi itayajuaje? Haiyajui. Hapo ndipo kipima unyevu kinapoingia, na ndipo darasa linapoanza kuuliza maswali ya wataalamu. Mwalimu anaweza kuendelea hadi kwenye sumukuvu, na hadi Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumu hiyo hiyo, na wafanyabiashara wakapata taabu kwa jambo ambalo chanzo chake ni mahindi yasiyokauka na yaliyohifadhiwa vibaya. Mtoto wa Tunduma anaelewa neno "kuzuiwa mpakani" kuliko mtoto yeyote nchini. Akijua kwamba elimu ya kulizuia hilo iko kwenye somo la kilimo, ataliangalia somo hilo kwa jicho jingine.

Hao watakaovutwa hivyo wana njia ya kupita, nayo ni nyembamba. Wanahitaji kufaulu kemia na biolojia. Wanahitaji shule yenye tahasusi ya Kemia, Biolojia na Kilimo, kisha chuo, na wengi wao wanaitazama Sokoine kule Morogoro, mbali na nyumbani na kwa gharama. Kwa hiyo mwalimu wa kilimo asiridhike kumfundisha mtoto kilimo akamwacha azame kwenye kemia. Kuna pia vijana waliosoma kilimo ngazi ya stashahada, wengine hapo jirani Uyole, ambao wako mitaani. Wanaijua mimea na udongo vizuri, walichokosa ni mbinu za kufundisha. Kwa mkondo wa amali unaohitaji mikono yenye ujuzi, ni hasara kuwaacha. Wapewe mafunzo ya ualimu na njia ya wazi ya kuingia kazini. Na wanachuo wa ualimu wanaotafuta mahali pa mazoezi ya kufundisha, tuwaombe waje huku. Aliyewahi kuishi Momba wiki kadhaa hataogopa atakaposoma jina lake kwenye orodha ya waliopangiwa Momba.

Kuhusu wasichana nitasema kwa mkazo. Katika nyumba nyingi za mkoa huu mama ndiye anayechagua mbegu, anayeijua siku ya kupanda maharage, anayekaa macho na ghala. Binti yake amejifunza hayo kabla ya kufika kidato cha kwanza. Hata hivyo shuleni tunapotafuta kiongozi wa klabu ya kilimo tunamwangalia mvulana, na binti tunampa daftari la mahudhurio. Tukitaka walimu wa kike wa kilimo, tuanze kwa kumkabidhi binti kitalu na kumwachia aamue.

Sasa nije kwa yule mwalimu mpya aliyekwisha kufika shuleni. Barua mkononi, begi moja, hajui mtu. Wiki ya kwanza anapewa biolojia ya vidato viwili juu ya kilimo, kwa kuwa walimu hawatoshi. Wiki ya pili anatangazwa mwalimu wa EK. Kuanzia hapo anapimwa kwa magunia. Mvua ikichelewa, anaulizwa kwenye kikao mbele ya wote. Naomba wakuu wa shule mtenganishe mambo mawili: shamba la uzalishaji liwe na msimamizi wake na bajeti yake, na shamba la kujifunzia, hata likiwa dogo, liwe la somo. Kwenye shamba la kujifunzia, mstari usiotiwa mbolea na ukatoa mahindi yenye majani ya manjano ni zana ya kufundishia. Huwezi kumruhusu mwalimu kufanya jaribio la namna hiyo kwenye chakula cha shule. Na kama maabara ya kemia inanunuliwa kemikali, shamba la kujifunzia nalo linunuliwe mbegu, mbolea na kamba ya kupimia.

Jambo la pili ni upweke. Mafunzo endelevu ya walimu kazini, MEWAKA, yanajengwa juu ya walimu kukaa pamoja katika jumuiya za ujifunzaji. Mwalimu wa Kiswahili ana wenzake watatu wa kukaa nao. Wa kilimo yuko peke yake shuleni, pengine kata nzima. Jumuiya yake iundwe ngazi ya halmashauri, wakutane mara moja kila muhula, kwa zamu, kwenye shamba la mmoja wao, na afisa ugani wa kata akiwepo. Mwalimu mkongwe wa shule ya jirani awe mlezi wake kwa miaka miwili ya kwanza. Na tukimsaidia kukodi nusu ekari yake mwenyewe alime, tutakuwa tumempa sababu ya kukaa, na wanafunzi watakuwa na mwalimu anayelima.

Nimalizie na Desemba, mwezi ule tunaoupoteza. Marekani, sheria iliyoitwa Smith-Hughes ya mwaka 1917 ilitoa fedha za serikali kuu kwa walimu wa kilimo, na ikataka kila mwanafunzi awe na mazoezi ya shambani yanayosimamiwa kwa miezi isiyopungua sita kwa mwaka, shuleni au kwenye shamba jingine. Mwalimu akawa anawatembelea wanafunzi majumbani. Kenya walikuwa na vilabu vya kilimo vya wanafunzi, vilivyoitwa 4-K, tangu 1962, na mwaka 2021 wakavizindua upya. Sisi tunaweza kuanza na kidogo. Kila mwanafunzi wa kilimo aondoke shuleni Desemba na karatasi moja na makubaliano na mzazi wake: mraba wa mita 10 kwa 10 katika shamba la nyumbani, apande kwa sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya mashina, mbegu moja kila shimo. Mraba huo unabeba mashina kama 444. Kando yake baba na mama wapande kama walivyozoea. Mtoto aandike tarehe ya kupanda, ya kuota, siku alipoona kiwavijeshi vamizi wa kwanza katikati ya majani machanga ya mhindi, na mwisho kilo.

Kazi hii inahitaji mwalimu afike kwa wazazi angalau mara mbili, wakati wa kupanda na wakati wa kuvuna, yaani ndani ya likizo yake. Basi siku hizo zihesabiwe kuwa za kazi na afidiwe nyingine. Pikipiki ya afisa ugani ipo katika kata nyingi, na ratiba zao zinaweza kuunganishwa. Linalobaki ni mafuta. Naomba maafisa elimu na maafisa kilimo waliopo hapa wakae leo mchana, kabla hatujaachana, wakubaliane fungu hilo litoke wapi, kwa sababu ni lazima liingie kwenye bajeti kabla mvua za kwanza hazijanyesha.