KULEA WATOTO NI UFUNDI, NAO WATAKA CHETI

Maneno yaliyosemwa na mfanya kazi wa reli mbele ya mkutano wa tawi



Nimeombwa niseme juu ya kazi ya kulea na kufundisha watoto wadogo: mtu husomea wapi kazi hiyo, hupata cheti gani, na cheti hicho humfaa nini. Huenda wengine mwajiuliza, mtu wa reli ana habari gani na mambo ya chekechea? Ninazo sababu mbili. Ya kwanza, watoto wanaolelewa ni wetu. Ya pili, wanaowalea ni wake zetu, dada zetu na binti zetu, nao ni wafanya kazi kama sisi, ila hawahesabiwi hivyo. Elimu yangu mimi ni ya shule ya msingi ya misheni, kwa hiyo msitazamie maneno makubwa. Nitawapasha yale niliyoyauliza kwa wanaojua, na yale ambayo kila mmoja wetu anayaona kwa macho yake.

Neno langu ni moja. Kulea watoto wa watu ni ufundi. Ufundi hufundishwa, hupimwa, na hulipwa. Likikosekana moja la hayo matatu, mengine mawili huharibika.

MTOTO YUKO WAPI MCHANA?

Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 humpa mama likizo ya uzazi ya miezi 3 kwa mshahara kamili, na baba hupata majuma 2. Shule ya watoto wadogo, ile yenye madarasa yanayoitwa PP1 na PP2, humpokea mtoto akiwa na miaka 4. Sasa nauliza: tangu miezi 3 mpaka miaka 4 mtoto yuko wapi wakati mama yake yuko kazini? Mwenye nyanya aliye karibu amebahatika. Mwenye fedha huajiri yaya. Wengine wote humpeleka mtoto kwa mama wa jirani mwenye chumba, wakamlipa kwa siku.

Simlaumu mama huyo. Anatusaidia, na bila yeye wengi wetu tusingefika kazini. Lakini tazameni kazi yetu wenyewe. Hakuna mtu anayeachiwa injini kwa sababu tu baba yake alipenda magari ya moshi. Hupimwa macho, hufundishwa ishara, huketi kando ya dereva mzoefu, hufanya mtihani, ndipo hukabidhiwa. Mizigo ya mahindi na saruji tumeiwekea masharti yote hayo. Lakini mtoto wa miezi minne twamkabidhi mtu yeyote aliye na chumba na mkeka, wala hatumwulizi amefundishwa na nani.

ANAYEJUA ANAJUA NINI?

Wapo wasemao kwamba kulea hakufundishwi, kwamba mwanamke huzaliwa nako. Mwenye kulea wanawe watatu hakika anajua mengi. Lakini kulea watoto kumi na wawili wa watu mbalimbali, katika chumba kimoja, kutwa nzima, ni kazi nyingine.

Aliyefundishwa anajua kwamba mtoto mchanga hulazwa chali. Anajua kwamba jiko la makaa halikai katika chumba kilichofungwa ambamo watoto wamelala, kwa kuwa hewa yake huua pasipo harufu. Anajua la kufanya mtoto akikwamwa na punje ya hindi kooni, maana hapo dakika chache tu ndizo za kumwokoa. Anajua kwamba mtoto hapewi dawa ya mafua ili alale na kunyamaza. Mambo haya yanatendeka, ndugu zangu, na tukiyanyamazia tunayakubali.

Tena anajua kwamba kucheza kwa mtoto ni kusoma kwake. Ubongo wa mtoto wa miaka 6 umekwisha kufika karibu sehemu tisa kwa kumi za ukubwa wa ubongo wa mtu mzima. Mtoto aliyekalishwa ukutani kutwa nzima, bila mtu wa kumsemesha wala kumwimbia, anapoteza miaka ambayo mwalimu wa darasa la kwanza hawezi kumrudishia.

Nitawapa mfano kutoka nchi ya Italia, kwa sababu unatuhusu sisi watu wa reli. Katika mji wa Roma kuna mtaa uitwao San Lorenzo, karibu na reli, ambao ulikuwa mtaa wa vibarua na wafanya kazi wa reli. Mchana wazazi walikwenda kazini na watoto walibaki wakizurura na kuharibu kuta za nyumba. Mwaka 1907 daktari mmoja mwanamke, Maria Montessori, alifungua hapo nyumba ya watoto wadogo. Aliyewekwa kukaa nao hakuwa na cheti cha ualimu, lakini daktari yule alimwonyesha kazi na kumwangalia. Watoto wale wa vibarua wakajifunza hata watu wakaja kutazama. Na baada ya miaka miwili tu, mwaka 1909, Montessori alianza kufundisha walimu, maana aliona kwamba nyumba nzuri bila mtu aliyefunzwa haidumu. Leo jina lake limeandikwa juu ya milango ya shule za ada kubwa hapa Nairobi. Tukumbuke kwamba kazi yenyewe ilianza kwa watoto wa watu kama sisi.

ILIVYOKUWA KATIKA NCHI YETU

Hapa Kenya shule nyingi za watoto wadogo zilijengwa na wananchi wenyewe. Baada ya Uhuru mwaka 1963, kwa nguvu za Harambee, wazazi walitoa mbao na mabati, wakamchagua msichana wa kijijini, wakamlipa walichoweza. Wengi wa wasichana hao hawakufundishwa kazi. Mwaka 1984 kikawekwa kituo cha taifa cha elimu ya watoto wadogo kwenye Taasisi ya Elimu ya Kenya, na baadaye vituo vya wilaya. Mafunzo yake yalifuata maisha ya mfanya kazi. Mwalimu alisoma miaka miwili, akienda chuoni wakati wa likizo za shule, mwezi wa Aprili, Agosti na Desemba, na miezi mingine akaendelea kufundisha kwake huku wakufunzi wakimfikia darasani. Walimu walifundishwa kutengeneza vifaa kwa mabua, vifuniko vya chupa na nguo kuukuu, na kukusanya hadithi na nyimbo za lugha za nyumbani. Kwa njia hiyo akina mama wengi waliokuwa kazini walipata cheti pasipo kuacha mshahara wao.

Katiba ya mwaka 2010 iliziachia serikali za kaunti elimu ya awali pamoja na vituo vya kulea watoto. Kwa hiyo mwenye neno juu ya jambo hili siku hizi yuko karibu nasi, na mlango wake twaujua.

NJIA YA KUPITA

Sasa nasema na wenye binti au mwana aliyemaliza shule na anataka kazi hii. Nasema mwana pia, maana mwanamume si haramu kulea. Mambo ni haya:

La kwanza, ajipime moyo. Asiyeweza kurudia neno moja mara kumi bila kukasirika atafute kazi nyingine mapema.

La pili, atazame alama zake. Kwa miaka mingi cheti ndicho kilikuwa mlango wa kuingilia. Siku hizi walimu wanaelekezwa kwenye diploma, na diploma imekuwa ikitaka alama ya C kamili katika mtihani wa Kidato cha Nne. Ipo na digrii katika vyuo vikuu, kama Chuo Kikuu cha Kenyatta. Masharti haya hubadilishwa mara kwa mara, kwa hiyo aulize kwa Baraza la Mitihani au katika ofisi ya elimu kabla ya kulipa hata shilingi moja.

La tatu, akichunguze chuo. Aombe kuonyeshwa hati ya usajili wa chuo, isiyo picha iliyofifia ukutani. Aulize mtihani wa mwisho hutungwa na nani: ni wa Baraza la Mitihani la Taifa, au ni wa chuo chenyewe? Kama ni wa chuo chenyewe, aulize ni mwajiri gani atakayeukubali. Aulize atafanya mazoezi ya kufundisha katika shule gani, na kwa muda gani. Mzazi mmoja wa tawi hili alimlipia binti yake karo ya mwaka mzima, na mwisho wake binti akapewa karatasi yenye muhuri mzuri ambayo hakuna ofisi iliyoipokea. Karo hiyo ilikuwa ya mkopo, na mkopo ungali unakatwa mshaharani.

La nne, akifaulu ajiandikishe. Kwa sheria ya mwaka 2012 hakuna ruhusa ya kufundisha bila kuandikishwa na Tume ya Kuwaajiri Walimu, ile tuizoeayo kwa jina la TSC. Huko hutakiwa vyeti vya masomo na cheti cha polisi cha mwenendo mwema. Ajue pia kwamba tume huandikisha, lakini anayeajiri walimu wa shule za awali za umma ni kaunti, na mwenye shule ya binafsi huajiri mwenyewe. Kuandikishwa siyo kuajiriwa.

La tano ni la mama ambaye hakufika Kidato cha Nne, naye tayari analea watoto mtaani. Asikate tamaa. Chama cha Msalaba Mwekundu na St John Ambulance hufundisha huduma ya kwanza kwa siku chache. Apimwe afya apate hati ya washika chakula. Amwite afisa wa afya atazame chumba chake kabla hajaja mwenyewe kwa fujo. Karatasi hizo hazimfanyi mwalimu, lakini zinamtenganisha na mtu wa kubahatisha, na mzazi mwenye akili atamlipa zaidi.

MSHAHARA

Hapa ndipo penye uchungu. Ukisoma amri ya Serikali ya mishahara ya chini kabisa, utamkuta yaya wa watoto katika mstari wa kwanza, pamoja na mfagiaji, mtunza bustani, mlinzi wa mchana na tarishi. Siwadharau ndugu hao, kazi yao ni halali na wanastahili zaidi. Lakini jambo lenyewe lashangaza: fundi anayepima mbao ana ngazi yake, dereva ana ngazi yake, na anayeshika uhai wa mwanadamu yuko na vibarua wasio na ufundi. Kwa nini? Kwa sababu sisi wenyewe tumesema kazi yake haina ufundi. Mwajiri ameyapokea maneno yetu na kuyaandika.

Hata mwenye diploma hana raha. Kaunti nyingi zimewaajiri walimu hawa kwa mkataba, na mishahara hutofautiana toka kaunti hii mpaka ile. Mwezi wa Novemba 2013 wajumbe wa serikali, waajiri na wafanya kazi walikutana Geneva katika Shirika la Kazi la Dunia, wakakubaliana mwongozo juu ya kazi hii: kwamba wafunzwe vizuri, na mishahara yao ilingane na ya walimu wa shule za msingi wenye elimu na kazi iliyo sawa na yao. Mwongozo si sheria, lakini ni fimbo ya kutembelea.

Kwa hiyo msimwambie binti asome kwa kuwa atatajirika. Mwambieni asome kwa kuwa asiye na cheti hana hata pa kuanzia kudai. Sisi wa reli twajua: mtu mwenye ngazi hudai ngazi ya pili, asiye na ngazi huomba tu.

NINALOOMBA TAWI LIFANYE

Naomba mambo matatu. Mosi, halmashauri ya tawi iandike orodha ya vyuo vilivyochunguzwa, ibandikwe kwenye ubao wa matangazo, ili asiibiwe mwingine. Pili, chama chetu cha akiba na mikopo kiombwe kisitoe mkopo wa karo mpaka hati ya usajili wa chuo ionekane. Tatu, tutakapoketi tena na waajiri, suala la mahali pa kulea watoto wa wafanya kazi wa zamu liwemo katika madai yetu, na watakaowekwa hapo wawe wamefunzwa na walipwe kama mafundi. Tusidai chumba tukasahau mtu.

Na kila mmoja wetu, kesho asubuhi anapomwacha mtoto, amwulize yule mama kwa heshima: mama, umepata kufundishwa huduma ya kwanza? Kama hapana, wazazi wa hapo wachange nauli na ada, aende. Gharama yake mkigawana haizidi ya chai ya juma moja, na anayefaidika ni mtoto wako.

Wazee walisema, samaki mkunje angali mbichi. Lakini mkunjaji naye hufundishwa, la sivyo huvunja.

Maswali nitayapokea, na nisiloweza kulijibu nitakwenda kuliuliza.