Watu saba katika baridi ya Brussels

Mazungumzo yaliyotolewa Kalemie mbele ya waimbaji, wanakwaya na watangazaji wa redio za jamii, katika semina ya matayarisho ya wimbo wa amani



Waandalizi waliniomba niseme juu ya muziki na amani. Nimeona kichwa hicho ni kikubwa kuliko dakika ishirini nilizopewa. Nitasema juu ya wimbo mmoja tu, ambao kila mtu hapa anaujua hata kama hajui maneno yake yote: Indépendance Cha Cha. Kila tarehe 30 Juni redio zinaupiga toka asubuhi. Tunaucheza, tunakula, tunakwenda kulala. Lakini wimbo ule ulitengenezwa na watu saba waliokuwa mbali na kwao, katika siku za baridi kali, na namna walivyoutengeneza inatuhusu sisi ambao kesho kutwa tutaingia studio.

Tuko Januari 1960. Serikali ya Ubelgiji imewaita viongozi wa Kongo mjini Brussels kwa mkutano wa Table Ronde, yaani Meza ya Duara. Mkutano ulifunguliwa tarehe 20 Januari. Thomas Kanza, mmoja wa Wakongomani wa kwanza kumaliza chuo kikuu, alifikiri kwamba wajumbe wale wanahitaji pia muziki wa kwao, akafanya mpango orkestra itoke Léopoldville. Aliyeongoza safari ni Joseph Kabasele, tunayemwita Grand Kallé, mkubwa wa African Jazz. Alikuja na Nico Kasanda mpiga gitaa, na Déchaud, kaka yake Nico, na Roger Izeidi, na Petit Pierre wa ngoma.

Hao ni watano. Wawili waliobaki hawakuwa wa African Jazz. Vicky Longomba mwimbaji, na Brazzos aliyeshika besi, walikuwa watu wa OK Jazz, orkestra ya Franco. Nyinyi vijana labda hamwezi kusikia uzito wa jambo hilo. Léopoldville ya siku zile ilikuwa imegawanyika kwa habari ya orkestra hizo mbili kama sisi tunavyogawanyika kwa timu za mpira. Mtu wa African Jazz hakuwa mtu wa OK Jazz. Franco mwenyewe alibaki nyumbani. Lakini watu wake wawili walipanda ndege pamoja na mshindani wake, wakapiga chombo kimoja naye. Shikeni neno hilo, nitalirudia.

Mimi nilifika Brussels miaka michache iliyopita, mwezi wa kwanza, kwa mafunzo ya siku kumi. Ile baridi siwezi kuisahau. Asubuhi saa mbili taa za barabarani zingali zinawaka, na saa kumi na moja na nusu jioni giza limekwisha kuingia. Mtu wa Kalemie aliyezoea jua la ziwa anajiuliza kama jua la huko limefukuzwa kazi. Siku moja tulipomaliza mapema nilivaa koti la kuazima, nikaenda kutafuta njia ya Kabasele. Nilianzia Hotel Plaza, katika barabara ya Adolphe Max, kwa sababu ndipo wimbo ulipopigwa mbele ya wajumbe. Hoteli ingalipo. Toka pale nikapita Place de Brouckère, nikapita Grand-Place yenye nyumba za kale, nikapanda hadi Mont des Arts, penye jumba la mikutano la Palais des Congrès ambamo Meza ya Duara ilikaa. Siku hizi jumba linaitwa Square. Hata kwa mwendo wa pole safari yote haifiki nusu saa. Nilishangaa kidogo. Uhuru wa inchi yetu kubwa namna hii ulizungumzwa na kuimbwa katika kipande cha mji ambacho mtu anakimaliza kwa miguu kabla viatu havijalowana.

Jambo jingine lilinishika nilipoona kwa mbali Atomium, ile minara ya mipira ya chuma. Ilijengwa kwa maonyesho ya dunia ya mwaka 1958. Katika maonyesho yaleyale Wabelgiji waliweka "kijiji" cha Wakongo, na wageni wakasimama kwenye uzio kuwatazama mafundi wetu kama watu wanavyotazama wanyama. Wengine waliwatupia ndizi. Mafundi walichoka na matusi, wakaondoka kabla maonyesho hayajakwisha. Ulikuwa mwaka 1958. Mwaka na nusu baadaye, mji uleule, Wakongo wanapiga muziki hotelini na Wabelgiji wanauliza hii chacha inachezwaje.

Tuingie sasa katika wimbo wenyewe. Lumumba alikuwa gerezani Jadotville, ambayo leo ni Likasi. Wajumbe walikataa kuendelea bila yeye. Aliachiliwa tarehe 25, kesho yake akafika Brussels, mikono ingali na alama za pingu. Tarehe 27 Januari siku ya uhuru ikawekwa: 30 Juni 1960. Vyama vilivyokuwa vikitukanana nyumbani vilikuwa vimefanya front commun, umoja wa kukaa upande mmoja wa meza. Katika siku hizo hizo Kabasele alitunga. Huko Brussels walirekodi wimbo huo na mwingine uitwao Table Ronde, na diski zikatoka kwa alama ya Surboum African Jazz, nyumba ya diski ya Kabasele mwenyewe.

Fundi wetu wa sauti ataniunga mkono: kurekodi kwa siku zile si kama leo. Hakukuwa na kompyuta ya kukata na kubandika. Kwa kawaida wote walipiga pamoja, na mmoja akikosea mnaanza upya. Mpiga gitaa yeyote hapa anajua pia kwamba gitaa likitoka kwenye baridi na kuingia katika chumba chenye moto, nyuzi zinahama sauti. Na upande mmoja wa diski ndogo ulibeba kama dakika tatu hivi. Ndani ya dakika tatu hizo Kabasele alitaja vyama na majina ya viongozi, mmoja baada ya mwingine: Kasavubu, Lumumba, Bolikango, Kalonji, Tshombe, Kamitatu na wengine. Wapinzani walipumua katika mstari mmoja. Redio ikaubeba wimbo, na mwaka ule ambao inchi nyingi za Afrika zilipata uhuru, watu wasiojua Kilingala waliuimba kama ni wao.

Mara nyingi katika semina kama hizi msemaji anaishia hapo. Anasema: mnaona, muziki unaleta umoja, makofi tafadhali. Nami nimekwisha kusema hivyo mara kadhaa. Mwaka uliopita nilisema hivyo katika baraza moja upande wa Nyunzu. Mzee mmoja akainua mkono akauliza: "Mwanangu, katika wimbo huo Sendwe yuko wapi?"

Nilirudi nyumbani nikausikiliza tena. Mzee alikuwa na haki. Cartel imetajwa, yaani umoja uliokuwa na Balubakat ndani yake. Conakat imetajwa, na Tshombe wa Conakat ametajwa kwa jina lake. Jason Sendwe wa Balubakat hakutajwa. Tena wimbo kwa sehemu kubwa ni wa Kilingala. Kiswahili, lugha ya watu wengi wa inchi, hakimo. Sisemi Kabasele alifanya kwa ubaya. Alikuwa mtu wa Léopoldville, alitaja aliowasikia, na dakika zilikuwa tatu. Lakini miaka zaidi ya sitini imepita, na mzee wa Nyunzu bado anahesabu.

Na nyinyi mnajua yaliyofuata, kwa sababu yalipita hapa. Wimbo unasema Conakat na Cartel wamepatana. Tarehe 11 Julai 1960 Tshombe alitenga Katanga. Mwezi uliofuata Kalonji alitenga Kasai ya Kusini. Vijana wa Balubakat na askari wa Tshombe waliuana Manono, Kabalo na kwingine. Lumumba aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961, na mwaka haujatimia tangu alipofika Brussels. Sendwe aliuawa mji huu huu, ulipokuwa ungali ukiitwa Albertville, Juni 1964. Majina yaliendelea kukaa kwa amani ndani ya diski. Wenye majina hapana.

Basi je, wimbo ulikuwa uongo? Mimi sikubali. Ulisema ukweli wa wiki ile. Wasiwasi wangu ni kwamba sisi wa mashirika tunapenda kuiga kile kilicho rahisi katika wimbo ule, yaani orodha ya majina, na tunaacha kile kilichokuwa kigumu, yaani Vicky na Brazzos. Kabla Kabasele hajaweka vyama pamoja kinywani, alikwisha kuweka watu wa Franco pamoja naye katika orkestra. Na haikuishia Brussels. Mwaka 1961 OK Jazz nao walikwenda kurekodi Brussels, na nyimbo zao zikatoka kwenye Surboum, nyumba ya mshindani wao. Muungano wa wanasiasa ulivunjika katika miezi, lakini wanamuziki waliendelea kusaidiana.

Sasa nikiri kosa langu. Wimbo wetu wa kwanza, ule ambao tuliutunga ofisini baada ya vita kati ya Baluba na Batwa iliyoanza 2013 na kuwa kali zaidi 2016 na 2017, mistari niliandika mimi. Nilitaja jamii zote za hapa. Batwa niliwaweka mwisho, na niliandika "wandugu zetu wadogo". Nilidhani ni neno la upendo. Tulipousikilizisha katika kambi moja ya wakimbizi wa ndani, mama mmoja wa Batwa alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kwa upole: "Mdogo kwa nani?" Sikuwa na jibu. Kisha akauliza la pili, lililokuwa baya zaidi: kati ya waliopiga vyombo, Mutwa ni nani? Hakukuwa hata mmoja. Tulikuwa tumewaita waitikie tu. Wimbo ule tuliuondoa redioni, na feza za kuurekodi zilikuwa zimekwisha kutumika. Mkubwa wangu wa kazi hakufurahi, naye alikuwa na haki pia.

Niseme habari moja ya kutia moyo. Baloji, mwimbaji aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978 na kukulia Ubelgiji, aliutengeneza upya wimbo wa Kabasele mwaka 2010. Aliurekodi Kinshasa, na jina aliloupa ni la lugha mbili: Le jour d'après, Siku ya baadaye. Kiswahili kiliingia kwa kuchelewa miaka hamsini, kikaingia kwenye kichwa.

Wimbo wetu una beti tatu. Ubeti wa kwanza umekwisha, wa tatu karibu. Wa pili niliuacha bila neno hata moja, na sitauandika mimi. Yule mama wa kambini amekubali kuja kesho pamoja na kijana wake, na watauandika wao, kwa lugha watakayoichagua. Kuna wandugu walionifuata jana jioni wakisema ubeti huo utaleta maneno, kwamba watu wa kijiji chao watauliza kwa nini hao wanapewa ubeti mzima. Nawaomba waseme hivyo kesho mbele ya huyo mama, si kwangu pembeni ya mlango. Tukikosana, heri tukosane katika mazoezi kuliko redioni.

Mazoezi ni saa tatu kamili. Studio tumeilipia saa nne tu, kwa hiyo gitaa zipatanishwe sauti kabla ya kuingia. Kijana anapiga likembe, na likembe ina sauti ndogo. Atakaa karibu na mikrofoni, na ngoma zitarudi nyuma.