Gunia la Gorogoro Arobaini na Tano

Mhadhara wa umma uliosomwa Oyugis



Nilipopewa taarifa kwamba nitazungumza Oyugis, mji uliokaa juu ya barabara ya Kisumu na Kisii, ambao wasafiri wengi huujua kwa viazi vitamu na kelele za makanga kabla ya kuujua kwa jina, sahibu yangu mmoja aliniuliza kwa mzaha kama kweli nadhamiria kuwapelekea watu wenye mahindi ya kuanika mchezo wa magazetini, tena aina yake iliyo ngumu kuliko zote. Nilimjibu kwamba watu wa Oyugis wanaujua mchezo huo tangu zamani, ila hawajaambiwa jina lake.

Sudoku ya kawaida, kwa wasioijua, ni uwanja wa vyumba 81, wenye mistari 9 ya kulala na safu 9 za kusimama, uliogawanywa tena katika miraba 9 midogo ya vyumba tisa tisa. Na sheria yake ni moja tu, kwamba kila mstari, kila safu na kila mraba upate tarakimu 1 hadi 9, bila hata moja kukosekana wala kurudiwa. Mchezo huu ulizuliwa na Mmarekani Howard Garns, msanifu majengo wa Indiana, ukachapwa na kampuni ya Dell mwaka 1979. Wajapani wa Nikoli, wakiongozwa na Maki Kaji, wakauchukua mwaka 1984 na kuupa jina lenye maana kwamba kila tarakimu sharti iwe kapera. Na hakimu mstaafu Wayne Gould, mzaliwa wa New Zealand aliyekuwa akihukumu Hong Kong, akaufikisha katika gazeti la The Times la London mwezi wa Novemba 2004. Garns alikuwa amefariki tangu 1989, wala hakuonja hata chembe ya umashuhuri huo, jambo ambalo kila nikilikumbuka hunitia huzuni.

Lakini sikuja kwa ajili ya sudoku ya kawaida. Nimekuja kwa ajili ya ndugu yake mkali, sudoku ya jumla, ambayo Wajapani walikuwa wakiicheza tangu miaka ya 1990, na ambayo The Times lilipoanza kuichapa mwaka 2005 liliipa jina la kutisha, likaiita muuaji. Katika hii, vyumba hufungwa makundi makundi kwa mstari wa vitone, kila kundi likawa kama kizimba. Na pembeni mwa kizimba huandikwa namba moja, ambayo ni jumla ya tarakimu zote zilizo ndani, na ndani ya kizimba kimoja hakuna tarakimu inayorudi mara mbili. Sasa tazameni ajabu yake. Gary McGuire na wenzake wa Dublin walithibitisha mwaka 2012, kwa msaada wa kompyuta, kwamba sudoku ya kawaida yenye jawabu moja tu haiwezi kuanza na tarakimu pungufu ya 17; ama sudoku ya jumla, aghalabu huanza bila tarakimu hata moja. Uwanja wote ni mtupu, na juu ya utupu huo pana jumla tu, kama mtu aliyekuja nyumbani kwako akakuambia uzito wa mizigo yote aliyoibeba, asikuambie ndani mna nini.

Hapa ndipo ninapoomba ruhusa niwarudishe sokoni. Gunia la mahindi ni kilo 90. Na gorogoro, lile bati la kupimia nafaka, tukiihesabu kuwa kilo mbili kamili, ingawa wauzaji na wanunuzi hawajapata kupatana juu ya bati lililobonyezwa chini, hulifanya gunia kuwa gorogoro 45. Jirani amechukua 3, mwenye hoteli amechukua 24, mwalimu amechukua 12. Anafika mnunuzi wa nne, kijana, anauliza, "Mama, zimebaki ngapi?" Naye mama, bila kuligusa gunia wala kulifunua, anamjibu, "Sita, mwanangu." Huyo mama amekwisha kufanya sudoku ya jumla. Kwa maana tarakimu 1 hadi 9 zikijumlishwa zote ni 45, si zaidi wala si pungufu, na kila mstari, kila safu na kila mraba ni gunia la gorogoro 45. Mstari wa juu ukiwa na kizimba cha vyumba viwili chenye jumla 3, kikafuatwa na cha vyumba vitatu chenye 24, na kingine cha vyumba vitatu chenye 12, chumba cha tisa ni 6, na kimejulikana kabla hatujaijua hata tarakimu moja ya vile vyumba vinane vilivyokitangulia. Na kama chumba hicho cha tisa kimefungwa kizimba kimoja na chumba kilicho chini yake, kwa jumla ya 13, basi cha chini ni 7. Kweli moja imezaa ya pili, na ile ya pili imeushukia mstari mwingine ambao hatujaanza hata kuutazama.

Njia hii huenda hata upande wa nje. Vizimba vinavyofunika mraba mmoja vikitokeza chumba kimoja nje ya mpaka wake, na jumla yao ikawa 52, kile chumba kilichotokeza ni 7, kwa kuwa mraba wenyewe umekwisha kudai 45 zake. Mistari miwili ni 90, mitatu ni 135. Na bingwa wa mchezo huu ni yule anayejua ni gunia lipi la kupima, kwani kujumlisha na kutoa hata mtoto wa darasa la tatu anakujua. Wazee wanaocheza ajua, yaani bao, chini ya mti watanielewa upesi, kwa sababu huko nako mbegu hazizaliwi wala hazifi. Nikijua zilizo kwako na zilizo shimoni, zangu huhitaji kunionyesha.

Baada ya gunia huja elimu ya mafungu, na humo ndimo wengi hukata tamaa. Vyumba viwili vyenye jumla 3 ni 1 na 2 bila shaka. Vyenye 17 ni 8 na 9. Vitatu vyenye 24 ni 7, 8 na 9. Hivyo husema kweli yao yote mara moja. Lakini vinne vyenye jumla 12 vina njia mbili, ama 1, 2, 3 na 6, ama 1, 2, 4 na 5. Na mchezaji mwenye pupa atavipita akidhani havijasema neno, ilhali vimekwisha kusema kwamba 1 na 2 zimo, kwa vyovyote vile, na ikiwa kizimba hicho chote kimo katika mstari mmoja, hakuna chumba kingine cha mstari huo kitakachozipata. Mnaosema Dholuo mnayo fadhila katika somo hili, kwani namba zenu zenyewe zina jumla ndani yake: mkitaja abiriyo, saba, nasikia ariyo, mbili, iliyopanda juu ya abich, tano, na katika auchiel, sita, nasikia achiel. Kiswahili chetu, kilichozichukua sita na saba kutoka kwa Waarabu, kimezipokea zikiwa zimefungwa.

Kizimba kinachonishughulisha kuliko vyote ni cha vyumba vitatu chenye jumla 15. Kina njia nane, na hakuna jumla ya vyumba vitatu iliyo na njia zaidi ya hizo. Wala hakuna tarakimu hata moja inayoshirikiwa na njia zote. Kwa hiyo wachezaji hukichukia. Lakini ziandikeni njia hizo nane, mtazitambua: ni mistari mitatu, safu tatu na hanamu mbili za mraba wa kale, 4, 9, 2 juu, 3, 5, 7 katikati, 8, 1, 6 chini, ambao kila uusomavyo hukupa 15. Walimu wa falaki na hirizi wa mwambao wanaujua. Katika vitabu vya Kiarabu hunasibishwa na Imamu Ghazali. Na pembe zake nne, 2, 4, 6 na 8, zikisomwa kwa herufi za abjadi, ambamo kila herufi ni namba, be, dali, wau na ha, huwa neno Buduhu, ambalo limeandikwa juu ya barua na hirizi karne nyingi. Muhammad al-Kishnawi, mwanachuoni wa Katsina aliyefariki Cairo mwaka 1741, aliandika kitabu kizima juu ya kuitunga miraba ya namna hii, na ndani yake mna hisabu ya daraja ya juu. Sikusudii kumtukana mwenye hirizi yake. Nasema tu kwamba yule aliyeushona mraba ndani ya ngozi alikuwa ameshika mkononi orodha kamili ya njia za kizimba cha 15: tano huingia katika njia nne, ndiyo maana imekaa katikati, kila shufwa huingia katika tatu, ndiyo maana zimekaa pembeni, na kila witiri iliyosalia huingia katika mbili.

Ziko aina nyingine za jumla, ambazo nazipita haraka. Iliyo nzuri kwangu ni ile ambayo namba iliyo nje ya mstari ni jumla ya tarakimu zilizobanwa kati ya 1 na 9. Ikiandikwa 0, basi 1 na 9 ni majirani. Ikiandikwa 35, zimekaa ncha na ncha. Na ikiandikwa 34, mpelekeeni mtungaji karatasi yake, maana haiwezekani.

Nami nikiri kosa langu. Nikiwa ndani ya matatu kutoka Kisumu nilikwama katika kizimba cha 15, na kabla hatujafika Sondu nikabahatisha 8 kwa kuwa ilinipendeza macho. Mambo yakaenda vizuri mno. Vyumba vikajaa kimoja baada ya kingine, na abiria jirani yangu akanisifu. Tuliposhuka hapa stendi ya Oyugis nikaona 8 mbili katika safu moja, zikitazamana kama mashahidi wawili waliotofautiana mbele ya kadhi. Ubaya wa kubahatisha katika mchezo huu ni kwamba kosa halilii siku linapozaliwa. Hukaa kimya, huzaa, na ukija kulitafuta huwezi kulitenganisha na wajukuu zake. Walimu wenzangu, mtoto anayefuta na kubahatisha tena mpaka karatasi itoboke hajakosa akili. Amekosa kuambiwa kwamba yako maswali ambayo jibu lake la leo ni "sijui bado", na kwamba jibu hilo nalo lina alama zake.

Karatasi ziko mlangoni, moja kwa kila mtu, na mstari wa juu tumekwisha kuuanza pamoja. Penseli chukueni, kifutio sikukileta.